Kompyuta ya Nestor Isiyozimwa

Jumamosi asubuhi nyumba ya Nestor na Haika ilikuwa na kelele zake za kawaida. Redio iliimba jikoni. Chapati ziliungua kidogo pembeni. Nestor alikuwa besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, anaifuta kompyuta vumbi.

"Baba Natasha! Chai inapoa!" Haika aliita kutoka juu ya ngazi.

"Nakuja! Namalizia kumwogesha mtoto."

Haika alicheka. Mtoto gani huyo wa bati? Mtoto wao halisi, Natasha, alikuwa amelala chumbani kwake, na hakuna aliyemwogesha.

Walikuwa Watanzania, wenyeji wa Kilimanjaro, na walikaa Brooklyn Center, kaskazini kidogo ya jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Ulikuwa mwezi wa Novemba, mwaka 1998, na theluji ya kwanza ilikwisha kuanguka. Nestor alikuwa fundi katika kiwanda kimoja cha Fridley, ng'ambo ya mto. Haika aliwahudumia wagonjwa katika nyumba ya wazee huko Crystal.

Kompyuta ile ya besimenti haikuwa ya kuchezea. Ilikuwa seva. Seva ni kompyuta inayokaa imewashwa usiku na mchana ili watu walio mbali wasome yaliyomo ndani yake kwa njia ya mtandao. Seva hii ilikuwa na tovuti ya ushirika wao wa maombi, ushirika wa Waafrika Mashariki. Humo walitangaza misiba, harusi na safari za nyumbani. Siku zile tovuti za Kiswahili zilikuwa chache sana, kwa hiyo hii yao ilisomwa na watu wa Boston, wa Texas, wa California, kila mahali.

Ndani yake kulikuwa pia na sehemu iliyofungwa. Waliiita sanduku la maombi. Aliyekuwa na shida aliiandika humo, na wenzake wakamwombea. Ili kuingia ulihitaji neno la siri. Neno lenyewe lilikuwa "haleluya". Ndiyo, neno moja kwa watu wote, na watu wote walilijua. Siri gani hiyo? Lakini hakuna aliyeuliza.

Seva iliundwa na Sebastian, kijana aliyekuwa akisoma chuo kikuu. Alipopata shahada yake alihamia Seattle. Mchungaji aliiombea seva siku ilipowashwa. Nestor akaifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma. Tangu hapo, karibu miaka miwili, hakuna aliyegusa programu zake.

"Haijazimwa hata siku moja!" Nestor alikuwa akijigamba kwa wageni. "Mashine inayofanya kazi haiguswi."

Na wageni wakatikisa vichwa kwa heshima, kana kwamba wamesikia jambo la maana.

Simu ililia. Alikuwa Serah, mwanaushirika mwenzao, Mkenya anayekaa Crystal.

"Dada Haika, umefungua tovuti yetu leo?"

"Sijafungua. Kuna msiba?"

"Heri ungekuwa msiba. Fungua, dada. Fungua sasa hivi."

Haika alishuka ngazi mbio, mikono ikiwa na unga. Nestor alifungua tovuti.

Picha ya kanisa haikuwapo. Mahali pake palikuwa na fuvu la kichwa, jeusi, linacheka. Chini ya fuvu kulikuwa na matusi kwa Kiingereza. Na chini ya matusi yalikuwapo maombi yao. Yote. Sanduku lilikuwa limefunguliwa na kumwagwa hadharani, mtu yeyote asome. Ombi la mama mwenye uvimbe. Ombi la kijana ambaye karatasi zake za kukaa Marekani zimekwisha. Ombi la mke ambaye mumewe anakunywa.

"Shetani huyu!" Nestor alisema. "Ngoja niizime, niiwashe tena."

Lakini Haika hakumsikia. Macho yake yalikuwa yameganda katikati ya skrini. Alikuwa anasoma maneno yake mwenyewe.

"Wapendwa, tumkumbuke mdogo wangu Laurencia na mtoto wake Ian. Mumewe Maurice alikuwa akimpiga, na ameapa kumnyang'anya mtoto. Wamemkimbia kutoka Texas. Sasa wapo Fridley, jengo la matofali mekundu nyuma ya kiwanda cha rangi, ghorofa ya pili, mlango 206. Simu yao ndiyo hii. Laurencia anatoka kazini saa tisa. Mwenye chakula ampelekee, tumepeana zamu. Ee Mungu, mfiche."

Haika aliandika hayo kwa upendo. Katika ushirika wao, ombi lisilo na maelezo lilihesabiwa kama salamu ya mlangoni. Ulitaja jina, ulitaja mtaa, ulitaja ugonjwa na dawa yake. Ndivyo walivyozoea.

"Nestor," alisema polepole, "Maurice anaisoma tovuti hii."

"Usiseme."

"Anaisoma! Si yeye aliyekuwa akitupigia simu kutoka Texas kuuliza habari za misiba? Alizisoma wapi?"

Haika alinyakua simu na kupiga kwa Laurencia. Iliita. Iliita tena. Iliita mpaka ikakatika. Siku hiyo Laurencia hakuwa na kazi. Alipaswa kuwa nyumbani.

Haika alipiga mara ya pili. Hakuna aliyepokea.

"Mwite Wambui," alisema. "Mwite haraka!"

Wambui alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Alikuwa Mkenya, mnene, mcheshi, mwenye mdomo usio na breki. Kazi yake ilikuwa kutunza seva za chuo kimoja cha mjini. Alifika akiwa na koti kubwa juu ya nguo za kulalia.

"Ngai!" alisema alipoliona fuvu. Ucheshi wote ukamtoka. Hakugusa kibodi. Aliinama nyuma ya kompyuta na kuchomoa waya wa mtandao.

"Si ungeizima tu?" Nestor aliuliza.

"Apana. Kwanza ikate na mtandao, ndiyo huyo mtu asiendelee kuingia, na ndiyo hii kurasa isisomwe tena. Ukiizima haraka unaweza kupoteza alama za miguu yake." Aliandika maneno machache, akasoma, akashusha pumzi. "Ukurasa ulibadilishwa Alhamisi asubuhi."

"Alhamisi?" Haika alishika ukuta. "Leo ni Jumamosi!"

Alipiga hesabu kichwani, na hesabu ile ilimtia baridi. Kutoka Texas mpaka hapa kwa gari ni mwendo wa siku moja na kitu. Mtu aliyesoma Alhamisi angeweza kuwa amefika jana.

"Mimi naenda Fridley," alisema.

"Tunaenda wote," Wambui alisema. "Brother Nestor, wewe baki. Kuna watu wengi hapa siri zao ziko nje. Wapigie simu, mmoja mmoja. Waambie ukweli."

Nestor alikuna kichwa. Aibu ilimwenea usoni. "Lakini Wambui, hebu tufikiri. Tukiwaambia, ushirika utavunjika. Watu watasema Nestor ameshindwa kutunza kompyuta. Tuufute ukurasa kimya kimya. Pengine wengi hawajaona."

"Pengine!" Haika alimgeukia kwa ukali ambao hata yeye hakujua anao. "Mdogo wangu yuko nyuma ya mlango wa 206, na wewe unaniambia pengine?"

"Kufuta haisaidii, brother," Wambui alisema kwa upole. "Kitu kikishasomwa kimesomwa. Mtu amekinakili, ameki-print, amekiweka mfukoni. Mwenye siri ndiye anafaa kujua kwanza, ndiyo ajikinge. Ukinyamaza, unamsaidia adui yake."

Nestor aliinamisha kichwa. Kisha akavuta kiti, akaisogeza simu, akaanza kupiga.

Gari lilipita juu ya daraja la mto Mississippi. Maji chini yalikuwa ya kijivu. Haika ndiye aliyeendesha. Wambui alikuwa pembeni yake, anaishikilia simu ya mkononi ya kazini kwake, kubwa kama tofali. Kila baada ya muda alipiga kwa Laurencia. Kila mara iliita bure.

"Nani anatuchukia hivi?" Haika aliuliza. "Tumemkosea nani?"

"Hakuna mtu. Huyo mvamizi hata hajui nyinyi ni nani. Kiswahili chenyewe hajui."

"Sasa alikuja kwetu kufanya nini?"

"Alikuta mlango mbovu. Sikia, dada. Kila kompyuta ina mfumo endeshi. Hiyo ndiyo programu kubwa inayoongoza zile zingine zote. Imeandikwa na watu, na watu hukosea. Kwa hivyo ina matundu. Wenyewe wakigundua tundu, wanatengeneza kiraka cha kuliziba. Halafu wanatangaza dunia nzima: njooni mchukue kiraka, ni bure."

"Na sisi hatukuchukua."

"Nyinyi hamkujua hata kuna tangazo! Sebastian alienda zake. Lakini wezi walilisikia. Lile tangazo la kukusaidia ndilo pia linamwonyesha mwizi tundu liko wapi. Sasa mwizi anaandika programu ndogo, anaiachilia mtandaoni. Inazunguka ikibisha kila seva duniani, mchana na usiku, ikiuliza: wewe ni wa zamani? Wewe ni wa zamani? Yenu ikajibu: ndiyo, karibu."

Haika akaiona besimenti yake, na kitu kisichoonekana kikibisha mlangoni wakati wao wamelala.

"Na lile neno la siri?" aliuliza.

"Haleluya? Aki dada, hilo hata hakulihitaji. Ukipita kwa mfumo endeshi uko ndani ya nyumba. Vyumba vyote ni vyako. Lakini hata kama angelihitaji, angelipata kabla chai haijapoa."

Jengo la matofali mekundu lilitokea. Haika alipunguza mwendo. Uwanja wa magari ulikuwa karibu mtupu. Mlangoni kabisa palikuwa na gari jeupe, injini inanguruma, moshi unatoka. Ndani yake alikaa mwanamume aliyevaa kofia. Alikuwa akiutazama mlango wa jengo.

"Namba za gari zinasema wapi?" Haika alinong'ona.

Wambui alikodoa macho. "Theluji imezifunika."

Walikaa. Mlango wa jengo ukafunguka. Mwanamke wa Kizungu akatoka na mtoto wa shule, wakaingia ndani ya gari jeupe, likaondoka.

"Twende," Wambui alisema.

Walipanda ngazi mbili mbili. Haika aligonga mlango wa 206. Kimya. Aligonga tena. Ndani, kitu kizito kiliburutwa sakafuni.

"Laurencia! Ni mimi! Ni dada yako!"

"Uko na nani?" Sauti ilitoka mbali, nyembamba.

"Na Wambui. Fungua."

Kiti kiliondolewa, kisha meza. Mlango ulifunguka kidogo, kisha wote. Laurencia alikuwa amembeba Ian mgongoni kwa kanga, koti lake limevaliwa, viatu viko miguuni. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Mbona hupokei simu?" Haika alimkumbatia. "Umeniua!"

"Nimeichomoa. Tangu jana inalia. Nikiipokea, kimya. Nasikia mtu anapumua tu. Mara ya tatu nikachomoa." Alimtazama dada yake. "Ni yeye. Naijua pumzi yake. Lakini dada, namba yangu ameipata wapi?"

Haika angeweza kusema sijui. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Alipiga moyo konde.

"Kwangu," alisema. "Niliiandika kwenye sanduku la maombi. Seva imevamiwa. Kila kitu kimesomwa. Simu yako, jengo lako, mlango wako. Saa unayotoka kazini."

Laurencia alirudi nyuma hatua moja. "Uliandika mlango wangu?"

"Ili tukuombee. Ili watu wajue pa kuleta chakula."

"Mungu alikuwa haujui mlango wangu, dada?"

Machozi yalimtoka Haika.

"Mtagombana mkiwa kwa gari," Wambui alisema. "Sasa hivi tunatoka. Chukua karatasi zako, dawa za mtoto, nguo za siku mbili. Hayo mengine yaache."

"Tunakwenda kwako?" Laurencia alimwuliza Haika.

Wambui ndiye aliyejibu. "Kwa Haika ni mahali pa kwanza atakapokutafuta. Kule chuoni kwetu kuna namba ya simu imebandikwa choo cha wanawake. Ni ya nyumba ya hifadhi ya wanawake waliokimbia kupigwa. Naijua kwa kichwa. Nikiwa choo nasoma kila kitu."

Hakuna aliyecheka. Wambui alipiga simu pale pale, kwa Kiingereza cha haraka.

Mwanamke wa hifadhi hakutaja nyumba iko wapi. Aliwaambia waje kwenye uwanja wa magari wa duka moja kubwa. Aliwauliza kama kuna gari linalowafuata. Haika alitazama kioo cha nyuma njia nzima. Kila gari lililokuwa nyuma yake lilikuwa la Maurice.

Walipofika, mwanamke yule aliteremka kutoka gari dogo la buluu. Aliwasalimu, akampokea Laurencia begi lake, akamwambia Haika kwa upole kwamba yeye asingeweza kwenda nao.

"Mimi ni dada yake!" Haika alisema.

"Ndiyo," mwanamke alijibu. "Na kwa sasa hata dada hapaswi kujua."

Ian alimpungia mama yake mkubwa mkono kutoka dirishani. Gari la buluu likaondoka. Haika alisimama kwenye theluji mpaka Wambui alipomvuta.

Kesho yake, Jumapili jioni, simu ililia. Alikuwa Nkatha, mama wa Kimeru aliyekaa mlango unaotazamana na wa Laurencia.

"Haika, umemtuma mtu hapa?"

"Sijamtuma mtu. Kwa nini?"

"Kuna mwanamume alikuja. Mpole sana, koti zuri, Kiswahili safi kama chenu. Alikuwa na mifuko ya chakula mikononi. Akasema, 'Nimetumwa na Dada Haika wa ushirika, leo ni zamu yangu kuwaletea Laurencia na Ian chakula.' Mimi nikajua ni mtu wenu! Nilikaribia kumwambia aje ndani kwangu awangoje."

Haika alikaa sakafuni, simu sikioni.

"Alikwenda wapi?"

"Aligonga sana. Kisha upole ukaisha. Akaupiga teke mlango, akaupiga tena, kufuli likavunjika. Akaingia. Akatoka. Nimeita polisi lakini wamemkosa. Haika, mdogo wako yuko wapi?"

"Mungu anajua," Haika alisema.

Ingekuwaje kama simu ya Serah ingechelewa siku moja? Haika hakulala vizuri kwa majuma mengi akifikiri hilo.

Polisi walimpata Maurice siku ya pili, amekaa ndani ya gari nje ya mahali alipokuwa akifanya kazi Laurencia, saa tisa inakaribia. Saa ile ile iliyoandikwa kwenye ombi. Alishtakiwa kwa kuvunja mlango. Jaji alitoa amri kwamba asimkaribie Laurencia wala mtoto, na akikaribia afungwe. Maurice alirudi Texas. Lakini amri ya jaji ni karatasi, na Laurencia aliamua kutoitegemea peke yake. Alihama hifadhi akaenda mahali pengine. Hakusema wapi.

Nestor naye alikuwa na kazi yake. Alikuwa amewapigia watu wote simu, mmoja mmoja, na wengine walimtukana vizuri tu. Mama mwenye uvimbe alilia. Kijana wa karatasi alihama chumba siku hiyo hiyo. Ushirika ulitikisika, lakini haukuvunjika. Watu walisema: angalau alituambia.

Jumamosi iliyofuata Wambui alirudi besimenti, safari hii na sanduku la diski.

"Tunaifuta yote," alisema. "Kila kitu."

"Huwezi kuziba tu lile tundu?" Nestor aliuliza.

"Mwizi aliyelala kwako siku mbili, unajua ameficha nini? Anaweza kuwa amejitengenezea mlango wake wa nyuma. Tunasafisha, tunaweka mfumo endeshi mpya. Brother, hebu nikuulize. Kule kiwandani, mashine zenu mnazipaka grisi?"

"Kila wiki!"

"Hata zile zinafanya kazi?"

"Hasa hizo! Usipozipaka zita..." Nestor akaikuna shingo. "Ehe. Nimekuelewa."

"Umenielewa kwa miaka miwili na nusu sekunde," Wambui alisema, na hapo hata Haika alitabasamu.

Walifanya kazi siku nzima. Wambui alimwachia Nestor aandike yeye mwenyewe, ili ajue. Seva ya zamani ilikuwa imewasha huduma, yaani programu za kuwaitikia watu wa mtandaoni, chungu nzima ambazo ushirika haukuzitumia kamwe. Walizifunga zote. "Mlango usioutumia, uufunge," Wambui alisema. "Kila huduma iliyo wazi ni mlango." Walimpa kila msimamizi wa tovuti neno lake la siri, refu, lenye herufi na namba. Walimwandikisha Nestor kupokea matangazo ya usalama kwa barua pepe, kutoka kwa watengenezaji wa mfumo wenyewe. Tangazo likija, anasoma. Kiraka kikitoka, anakiweka siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo maana ya kusasisha. Wakanakili tovuti kwenye diski na kuiweka kabatini, ili hata seva ikiharibika wasipoteze matangazo yao.

"Na sanduku la maombi?" Nestor aliuliza.

Wambui alimtazama Haika.

"Hatulirudishi," Haika alisema. "Siri ya mtu haikai kwenye seva."

Wambui aliitikia kwa kichwa. "Hata nikiziba kila tundu leo, kesho watagundua lingine. Dawa ya uhakika ni hiyo. Kitu ambacho hakimo hakiibiwi."

Nestor hakujigamba tena. Kila Jumamosi alishuka, akasoma matangazo, akaweka viraka. Mara nyingine ilibidi aizime seva na kuiwasha, naye aliizima bila kinyongo. Wambui alimfundisha kusoma kumbukumbu za seva, mahali inapoandika nani amebisha. Mara ya kwanza alipozisoma alimwita mkewe kwa sauti.

"Haika, njoo uone! Wanabisha kila saa! Huyu, huyu, na huyu!"

Haika alitazama mistari ile. "Wameingia?"

"Hapana. Wanabisha, wanapita."

Mwezi wa pili tundu jipya lilitangazwa. Nestor aliliziba jioni ile ile, kabla ya kula. Baada ya siku chache Serah alipiga simu: tovuti ya ushirika mmoja wa jimbo jingine imevamiwa, na fuvu linacheka. Haika alikimbilia besimenti akiwa na viatu vya nje. Tovuti yao ilikuwa pale pale, picha ya kanisa, tangazo la harusi. Aliketi kwenye ngazi akapumua. Kisha Nestor akawapigia simu watu wa ushirika ule, akawaeleza cha kufanya, hatua kwa hatua, waya kwanza.

Theluji iliyeyuka. Jioni moja ya mwezi wa nne wanaushirika walikusanyika sebuleni kwa Haika kwa maombi. Serah alimgeukia.

"Laurencia anakaa wapi siku hizi? Tumwombee."

"Sijui," Haika alisema.

Serah alimkazia macho.

"Wewe? Dada wa tumbo moja?"

"Sijui, Serah. Alitaka kuniambia. Nilimkataza."

Neno lile lilimuuma kulitamka. Hakuwa amemwona mdogo wake tangu uwanja ule wa magari. Hakujua Ian anavaa viatu namba ngapi sasa. Lakini walimwombea, kwa jina tu, na hakuna aliyeandika kitu.

Wageni walipoondoka, simu ililia.

"Dada, ni mimi."

"Laurencia! Hamjambo? Mtoto?"

"Hatujambo. Ian amejifunza kuendesha baiskeli ya magurudumu matatu. Yuko hapa, anapiga kelele. Ngoja umsikie."

Haika alisikia kelele za mtoto, akacheka. Kisha, nyuma ya kelele za mtoto, alisikia kitu kingine. Treni ilipita karibu sana, ikapiga honi ndefu. Na baada ya honi, kengele ya kanisa.

Haika alijua reli zote za Minneapolis. Alijua makanisa. Kichwa chake kilianza kutafuta chenyewe: treni, kengele, ni wapi...

"Laurencia," alisema haraka, "funga dirisha."

"Kwa nini? Leo hakuna baridi."

"Nasikia yaliyo nje. Sitaki kujua mpo karibu na nini. Funga, mdogo wangu."

Dirisha liliteremka kwa kishindo, na kengele ikapotea. Halafu Haika akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu mdogo wake afike Minnesota. Laurencia alikuwa anacheka.

"Nimefunga, dada."

"Haya," Haika alisema, akajifuta macho. "Sasa niambie. Mtoto amekula nini leo?"